Kambi ya meno ya wahitimu: hesabu seti za vifaa kabla ya kuhesabu madaktari

Matangazo ya vyama vya wahitimu wa udaktari wa meno hufanana: wenzetu 20 watakwenda wilaya fulani Jumamosi, matibabu ni bure, wote mnakaribishwa. Kijiji kinasikia, watu 300 wanajipanga tangu saa moja asubuhi, na ikifika saa sita mchana madaktari 20 wamekaa kivulini wakitazamana kwa sababu koleo safi zimekwisha. Idadi ya watu mtakaowatibu kwa siku haipangwi na wingi wa madaktari. Inapangwa na seti mlizokuja nazo zikiwa zimetakaswa, na kasi ya otoklevu yenu, yaani mtungi wa mvuke wa kutakasa vifaa, kurudisha nyingine. Mwongozo huu unaanzia hapo. Ni kwa chama cha wahitimu kinachotaka kufanya kambi ya siku moja popote Uganda, wawe wamesomea Makerere au kwingine.

Hesabu ya seti

Chukua mfano wa chama chenye otoklevu moja ya mtungi, ya lita 24, ile inayokaa juu ya jiko la mkaa au la gesi. Mtungi huo hubeba pakiti nane za kung'olea bila kubanana. Mzunguko mmoja hula kama dakika 90: dakika 25 maji kuchemka na hewa kutoka, dakika 30 kwenye digrii 121 kwa vifaa vilivyofungwa, kisha kama nusu saa ya kushusha mvuke, kukausha na kupoa. Wapo wanaohesabu zile dakika 30 tu na kuahidi kijiji mambo yasiyowezekana.

Kazi ikianza saa tatu asubuhi, vifaa vichafu vya kwanza vitakuwa vimeoshwa na kufungwa kufikia saa nne kasorobo. Mzigo wa kwanza utatoka saa tano na robo, wa pili saa saba kasorobo, wa tatu saa nane na robo. Wa nne ungetoka saa kumi kasorobo, wakati ambao mnatakiwa muwe mnafunga mizigo. Basi mizigo mitatu kwa pakiti nane ni 24. Mkija na pakiti 30 tayari, jumla ni 54. Toeni chache kwa zitakazodondoka chini au kutoka zimelowa, mnabaki na wagonjwa 50. Hiyo ndiyo idadi ya kadi mtakazochapisha. Kadi ya 51 msiichapishe, hata mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akisihi.

Mkitaka kufika 75, ongezeni mtungi wa pili na jiko lake. Mtungi mmoja zaidi unawafaa kuliko madaktari kumi zaidi, na haudai posho ya usiku.

Pakiti moja ya msingi ina kioo, kipimio, kibanio, eleveta (chuma cha kulegeza jino) moja nyembamba, vipande vinne vya shashi na mabunda machache ya pamba. Koleo fungeni peke yake, kila moja kwa aina yake, na muandike aina juu ya karatasi kwa penseli. Wino wa kawaida hutawanyika kwenye mvuke. Sababu ya kuzitenga ni kwamba daktari huijua koleo anayohitaji baada ya kuona jino, na ukifunga seti kamili kwa kila mgonjwa utakuwa umechafua koleo sita ili utumie moja. Koleo za magego ya chini huisha kwanza karibu kila kambi. Kwa wagonjwa 50, wekeni angalau 14 za magego ya chini, 10 za magego ya juu zikiwa za kulia na kushoto sawasawa, 8 za mizizi ya juu, 8 za mizizi na meno ya mbele ya chini, 6 za magego madogo ya juu, na 6 za watoto. Eleveta za kutoa mizizi iliyovunjika, jozi nne za kulia na kushoto, zinatosha zikipewa daktari mmoja tu ndiye mvunja-mifupa wa siku.

Mvuke, na kosa la milimani

Otoklevu nyingi za mtungi zimechorwa alama ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, na maelekezo yanasema pauni 15 ni digrii 121. Hiyo ni kweli usawa wa bahari. Uganda haina pwani. Kipimo cha mtungi husoma tofauti kati ya ndani na nje, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa ya nje inavyopungua nguvu. Kwa hiyo pauni 15 ya Kampala, iliyo karibu mita 1,200, inakupa kama digrii 119. Pauni 15 ya Kabale, karibu mita 2,000, inakupa digrii 117 au 118. Vifaa vitatoka vimeloa jasho la moto lakini havikutakaswa kwa muda mliohesabu.

Rekebisheni hivi: Kampala na Jinja fikisheni pauni 17, Kabale na Kisoro fikisheni 18. Kabla ya safari hakikisheni vali ya usalama ya mtungi wenu inaruhusu kufika huko. Nyingine hufunguka mapema. Kama haifiki, ongezeni muda na muache kiashiria cha ndani ya pakiti kiamue, si saa ya ukutani.

Juu ya viashiria: utepe wenye mistari inayogeuka kuwa myeusi hueleza kwamba pakiti imepita kwenye joto, basi. Haukuambii kama joto lilikaa muda wa kutosha. Katikati ya kila mzigo wekeni kijikaratasi cha kiashiria cha daraja la tano, kinachosoma joto, muda na mvuke kwa pamoja. Kikikataa, mzigo wote unarudi.

Makosa matatu huharibu mizigo mara nyingi. La kwanza ni kufunga vali kabla hewa haijatoka: acheni mvuke upulize kwa nguvu dakika tano ndipo mfunge, maana hewa iliyobaki ni baridi na hukaa chini kwenye pakiti. La pili ni kulaza pakiti zikapandana. Zisimamisheni kama vitabu kwenye rafu. La tatu ni maji ya kisima, ambayo huacha chumvi nyeupe kwenye maungio ya koleo mpaka zinagoma kufunguka. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa, lita tatu kwa mzunguko, au yaliyonunuliwa ya betri za magari.

Klorini msiitumie kuloweka vyuma. Jik ya dukani, sehemu moja kwa sita za maji, inafaa kwa meza, viti na damu iliyomwagika sakafuni. Koleo zilowekwe kwenye maji yenye sabuni, zisuguliwe kwa brashi chini ya maji ili zisirushe matone, zisuuzwe, zikaushwe, ndipo zifungwe. Aliye kwenye beseni la uchafu asivuke kwenda meza safi siku nzima. Wekeni watu wawili wenye aproni za rangi tofauti, na kila atakayevuka arudishwe bila kuonewa haya, hata awe profesa wao wa zamani.

Ruhusa na watu

Barua kwa DHO, ofisa wa afya wa wilaya, itangulie kwa mwezi mmoja angalau. Nakala ziende kwa RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, kwa mkuu wa kituo cha afya mtakachokitumia, na kwa mwenyekiti wa LC1. Kwenye barua ambatanisheni majina ya watakaotibu na nakala za leseni zao za mwaka huo. Madaktari wa meno hupewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Maofisa wa meno wa stashahada wako chini ya Baraza la Wataalamu wa Afya Shirikishi. Mwenzenu anayefanya kazi London au Nairobi na hana leseni ya Uganda lazima aombe usajili wa muda kabla ya kugusa mgonjwa. Akichelewa, kuna kazi nyingi za heshima asizohitaji leseni: kuandikisha, kupanga foleni, kufundisha kupiga mswaki. Wanafunzi watibu chini ya jicho la daktari aliyesajiliwa, daktari mmoja kwa wanafunzi wawili, si zaidi.

Mahali pazuri pa kambi ni kituo cha afya cha ngazi ya tatu au ya nne. Chini ya mwembe picha zinapendeza, lakini kituoni kuna shimo la taka, choo, tangi la maji, na daftari ambamo kazi yenu itaandikwa. Kituo cha ngazi ya nne ndicho kinachotarajiwa kuwa na ofisa wa meno wake. Akiwepo, mpeni kiti cha kwanza. Ndiye atakayebaki na tundu linalouma Jumanne, nanyi mmesharudi Kampala. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwachieni na pakiti zilizobaki.

Kadi 50 zigawiwe na VHT, wahudumu wa afya wa kijiji, siku tatu kabla, kwa wenye maumivu kwanza. Kwa mabinti na vijana wa shule, mwalimu mkuu apeleke fomu za ridhaa nyumbani mapema. Mtoto asiye na fomu iliyotiwa sahihi hukaguliwa na kufundishwa lakini hang'olewi jino. Fomu iwe kwa lugha ya pale. Kiswahili kitawafikisha Arua na kwenye kambi za askari, ila mama wa Masaka apewe ya Kiganda.

Kila mtu atakayegusa kifaa awe amechanjwa homa ya ini aina ya B. Dozi ni tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo anayeanza leo hatakuwa amemaliza kwa kambi ya mwezi ujao.

Fedha na manunuzi, kwa ufupi

Michango ya wahitimu ikusanywe kwenye akaunti yenye watia sahihi wawili, na orodha itumwe kwa wanachama kila Ijumaa. Mkikusanya kwa simu, kumbukeni tozo ya 0.5 kwa mia hukatwa wakati wa kutoa fedha, hivyo mlipeni muuzaji moja kwa moja inapowezekana. Ganzi, sindano, shashi na glavu vinapatikana Joint Medical Store, Nsambya, na kwa wauzaji wa vifaa vya meno mjini. Wenzenu wa ng'ambo wakitaka kutuma dawa, zipite kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na ziwe zimebakiwa na mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuisha muda. Sanduku la dawa zinazokwisha mwezi ujao si msaada, mtalipia kuzichoma.

Kwa wagonjwa 50 ambao 35 kati yao watang'olewa: ganzi ya lidokeni ya asilimia 2 yenye adrenalini, katriji 60, yaani kisanduku cha 50 na 10 za akiba, sindano ndefu za milimita 35 zipatazo 30 na fupi za milimita 25 zipatazo 30, glavu jozi 180, shashi vipande 500, sanduku za usalama za sindano 3, tochi za kichwani moja kwa kila daktari na betri za ziada. Umeme wa kituo msiutegemee kwa lolote. Ganzi isafiri kwenye kasha la baridi pasipo barafu kugusa katriji, maana adrenalini huharibika kwa joto na gari lililoegeshwa juani Moroto huwa tanuri.

Meza ya kuchuja wagonjwa

Hapa ndipo vyama vingi hukosea kwa kumweka mdogo kuliko wote, kwa kuwa kazi inaonekana ni ya kuandika. Mwekeni mwenye uzoefu kuliko wote. Yeye ndiye anayeamua nani akae kwenye kiti, nani apewe dawa arudi nyumbani, na nani aondoke na gari sasa hivi.

Maswali yake ni mafupi. Ana presha? Mpime, ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, haling'olewi leo. Kisukari, je amekula asubuhi? Amewahi kutoka damu isiyokatika? Anatumia dawa ya kulainisha damu? Ni mjamzito wa miezi mingapi? Kuna seli mundu kwenye familia? Hilo la mwisho lisisahauliwe hasa Kaskazini na Busoga. Mwenye seli mundu anang'olewa, lakini akiwa amekunywa maji ya kutosha, asubuhi mapema, na si baada ya kukaa juani saa nne kwenye foleni. Anayeishi na virusi vya Ukimwi na yuko kwenye dawa hutibiwa kama mwingine yeyote. Msiwe na foleni yake ya pekee.

Kisha atazame shingo na taya kabla ya kutazama meno.

Mtoto wa miaka minne hadi tisa mwenye taya iliyovimba na magego yanayocheza upande mmoja au pande zote, bila tundu kubwa la kuoza linaloeleza uvimbe huo: msimng'oe jino. Uvimbe huu ni saratani iitwayo limfoma ya Burkitt; daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, nao hadi leo hupatikana katika maeneo ya malaria nyingi. Meno hulegea kwa sababu saratani imekula mfupa unaoshika mizizi yake, na mzazi atawasihi muyatoe kwa kuwa yanacheza. Mkiyatoa, mtakuwa mmepoteza wiki ambazo mtoto hana. Ugonjwa huu hutibika vizuri kwa dawa ukiwahiwa. Rufaa iende Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, au hospitali ya Lacor, Gulu, kwa watokao Acholi na jirani zake, na nauli ya mama iwe ndani ya bahasha ya rufaa. Tengeni fungu la nauli tangu mwanzo. Rufaa isiyo na nauli ni karatasi tu.

Mtu mzima aliyevimba chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umeinuka, anameza mate kwa shida: huyo hasubiri kadi. Ni hospitali ya wilaya kwa gari, akiwa ameketi wima, na mmoja wenu aende naye. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa, kidonda kisichopona wiki tatu pembeni mwa ulimi, hayo pia yaende kwa rufaa ya maandishi.

Meno ya plastiki, au ebiino

Kwenye kukagua watoto wadogo mtakuta wasio na chonge za chini za utotoni, na fizi zina kovu. Ni kazi ya wanaotoa ebiino. Mtoto wa miezi michache akiharisha na kupata homa, ufizi wa chonge ukionekana mweupe na kuvimba, huambiwa ana meno ya uongo, na hutolewa kwa spoku ya baiskeli au kisu. Kinachotolewa ni chipukizi la chonge halali. Mtoto hufa kwa damu, pepopunda au maambukizi, na aliyepona mara nyingi chonge zake za ukubwani huota zikiwa na kasoro.

Msihubiri kwa kukejeli. Mama aliyempeleka mtoto alikuwa akitafuta uzima wake, na pengine bibi mtoaji amekaa mstari wa tatu akiwasikiliza. Onesheni picha ya taya la mtoto lenye machipukizi ya meno, elezeni kwamba uvimbe ule ni jino linalojiandaa, na kwamba kuhara kunatoka kwenye maji na chupa. Kisha mpeni la kufanya: chumvichumvi za ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10, nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Somo hili likipewa mama 12 waliokaa kwenye mkeka hushika kuliko kwenye kipaza sauti kwa watu 300.

Kwenye kiti

Pimeni watoto uzito, msikisie. Kiwango cha salama cha lidokeni ni miligramu 4.4 kwa kilo, na katriji moja ya mililita 1.8 ina miligramu 36. Mtoto wa kilo 20 kikomo chake ni miligramu 88, yaani katriji mbili na kidogo. Mtoto wa kilo 15 haifiki mbili. Katriji iliyobaki nusu hutupwa. Haihamishiwi kwa mgonjwa mwingine hata ukibadilisha sindano, kwa kuwa mate na damu hurudi ndani.

Kofia ya sindano irudishwe kwa mkono mmoja, kwa kuichota mezani. Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni bila kukamua, aandikishwe, na aanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi (PEP) saa hiyohiyo ikiwezekana, kabla ya saa 72 kupita, kwa siku 28. Ulizeni kituo asubuhi dawa hizo ziko wapi na funguo anazo nani.

Kabla ya kung'oa, subirini dakika tano kamili baada ya ganzi ya taya la chini. Nusu ya kelele zinazosikika hadi barabarani, na kutawanya foleni, zinatokana na dakika tatu zilizokosekana.

Jino likivunjika na mzizi ukabaki ndani, mpeni yule mwenye eleveta za mizizi. Akishindwa kwa dakika 15, kipande kidogo kisicho na usaha kikiachwa na kuandikwa kwenye kadi ni afadhali kuliko kuchimba mfupa kwenye kambi isiyo na nyuzi za kutosha. Magego ya mwisho yaliyolala ndani ya mfupa msiyaguse kabisa.

Meno ya kuziba: wekeni daktari mmoja na vifaa vya mkono tu, bila mashine. Matundu madogo ya uso mmoja hukwanguliwa, husafishwa na kuzibwa kwa glasi ayonoma nzito, saruji ya meno ya unga na maji yake. Matundu ya nyuso mbili hujazwa vilevile lakini hudumu kidogo, na mgonjwa aambiwe. Joto huharakisha kuganda. Saa saba mchana Adjumani, unga uliokuwa ukikupa dakika mbili utakupa moja. Chupa na kibao cha kuchanganyia vikae kwenye kasha la baridi, vipanguswe umande, na mchanganye kijiko kimoja kwa tone moja baada ya kurusha tone la kwanza lenye povu. Pakeni mafuta ya vaselini juu, na mgonjwa asile kwa saa moja.

Dawa ya fedha na floridi ya asilimia 38 husimamisha kuoza kwa meno ya watoto bila ganzi, tone moja kwa meno matano. Inageuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi daima. Onesheni mzazi picha ya weusi huo kabla, tena chukueni sahihi yake, kwani mzazi aliyeshtuka jioni hatawarudisha watoto mwakani. Ikidondoka kwenye shati au kaunta ya kituo, haitoki. Kwa watu wa Kisoro, ambako meno mengi yana madoa ya floridi ya maji ya volkano, msitangaze floridi kwa maneno yaleyale mnayotumia Mukono.

Tundu linalobaki

Mgonjwa haondoki kabla ya damu kusimama. Aume shashi dakika 30 akiwa kwenye benchi mnaloliona, si akiwa kwenye bodaboda. Maelekezo yasemwe na mtu mmoja, kwa lugha yake: asisukutue leo, kesho ndipo aanze maji ya vuguvugu na chumvi nusu kijiko cha chai kwa glasi, chai ya moto, waragi, sigara na mairungi vingoje siku tatu, paracetamol kwa maumivu. Antibayotiki apewe mwenye uvimbe na homa, si kila aliyeng'olewa kwa ajili ya kutuliza roho ya daktari. Mwambieni pia kwamba maumivu makali yanayoanza siku ya tatu, yenye harufu, ni tundu kavu, na aende kwa ofisa wa meno wa kituo. Andikeni jina la kituo na siku zake kwenye kadi.

Taka: sanduku la sindano hufungwa likijaa robo tatu. Mifuko ni myeusi kwa taka za kawaida, ya njano kwa zenye maambukizi, nyekundu kwa zilizolowa damu, kahawia kwa dawa. Meno yenye vizibo vya amalgamu (madini yenye zebaki) yatenganishwe kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza; yakichomwa, zebaki hupanda na moshi. Hakuna jino linalobaki kwenye nyasi. Watoto huyaokota kabla gari lenu halijafika lami.

Habari za kuwapelekea wahitimu

Taarifa nyingi za vyama huanza na idadi ya meno yaliyong'olewa. Idadi hiyo huonesha bidii, haioneshi ubora. Kambi iliyong'oa 120 kwa seti 40 inapaswa kuulizwa vifaa vilitakaswa lini. Andikeni hivi: walioandikishwa, waliotibiwa, waliong'olewa, waliozibwa, waliopelekwa rufaa na wangapi walifika, mizigo ya otoklevu na iliyokataliwa, waliochomwa sindano, na matatizo ya siku ya tatu na ya saba. Hesabu hizohizo mkabidhi mkuu wa kituo Jumamosi jioni aziingize kwenye ripoti yake ya mwezi, HMIS 105. Zisipoingia humo, wilaya haitajua kwamba kijiji kile kina magego mengi ya kuoza, na haitaomba ofisa wa meno.

Picha ni za ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inalinda habari za afya, na kwa mtoto sahihi ni ya mzazi au mlezi. Picha za kinywa kilichofunguliwa, na uso juu yake, msizipeleke kwenye kundi la WhatsApp la darasa lenu hata kwa nia ya kufundishana. Picha ya meza ya vifaa, ya foleni kwa nyuma, ya mama na VHT wakicheka, zinatosha.

Siku ya tatu na ya saba mtu mmoja apige simu kwa VHT, si kwa wagonjwa wote 35, na aulize majina yaliyowekewa alama tu: walioachiwa kipande, wenye kisukari, wenye seli mundu, na waliopelekwa rufaa. Mtoto wa taya lililovimba apigiwe hata wiki ya pili, mpaka ijulikane kitanda alicholala.

Koleo zikirudi, zioshwe tena hata kama zilitoka mtungini, zikaushwe zikiwa wazi, tone la mafuta ya vyombo liwekwe kwenye kila ungio, na zihesabiwe kwa aina mbele ya watu wawili wanaotia sahihi. Iliyopungua iandikwe siku hiyo. Mara nyingi ni ya magego ya chini, na iko kwenye mfuko wa koti la mtu.